Programu ya mawimbi ya majaribio: toni nyingi iko vizuri, kelele ya pinki uwe macho

Nimeitumia programu hii muda wa kutosha kupimia spika na amplifaya. Kwa mawimbi ya toni nyingi (toni kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), sijashika nyingine inayoizidi. Kwa kelele ya pinki (kelele ya kubahatisha yenye nguvu zaidi kwenye sauti nzito), ina mambo mawili yatakayokuchanganya usipoyajua mapema.

Kilichonivuta ni kwamba inakuruhusu kudhibiti pengo kati ya kilele na wastani (wastani ninaousema hapa ni RMS, yaani mzizi wa wastani wa miraba, unaoonyesha nguvu ya wimbi). Wimbi la sini lina pengo la desibeli 3, la mraba halina pengo, na kelele ya pinki isiyoguswa huwa kwenye 12 hivi, wakati mwingine zaidi. Amplifaya inaishia pale volti zake zinapoishia; kilele kikipita hapo, kinakatwa. Chukua amplifaya inayoishia volti 40. Ukiipa kelele yenye pengo la desibeli 12, wastani hauvuki volti 10, na kwenye spika ya omu 8 hizo ni wati 12 na nusu tu. Shusha pengo hadi 6, wastani unafika volti 20, yaani wati 50, na vilele havijasogea hata kidogo. Ndiyo maana twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) huungua kwenye majaribio huku mtu akiapa kwamba hakugusa sauti.

Sasa toni nyingi. Niliweka toni 32 zenye kimo sawa, zote zikianza zikiwa kileleni. Kipimo kikasoma desibeli 18, sawasawa na hesabu: toni zote hupanda pamoja mara moja katika kila mzunguko, na muda wote uliobaki wimbi limenywea. Kwenye skrini unaona mwiba mmoja mrefu na nyasi fupi pembeni. Wimbi la namna hiyo halifai kupimia chochote, kwa sababu unalazimika kulishusha lote ili mwiba upite, halafu toni zako zinazama karibu na kelele ya kadi ya sauti.

Fezi (mahali kila toni inapoanzia kwenye mzunguko wake) za kubahatisha zilileta 10 na ushee, na kila ukibonyeza upya unapewa namba nyingine. Ipo pia fomula ya mtafiti wa sauti Schroeder ya mwaka 1970, inayopanga fezi kwa hesabu moja bila kubahatisha. Toni zikiwa zimeachana kwa hezi zilezile, inashusha pengo chini ya 5. Kutoka 18 hadi 5 ni desibeli 13, takriban mara 20 ya nguvu kwa kilele kilekile. Tatizo ni kwamba kazi zangu nyingi zinataka toni zilizotawanywa kwa oktavu (kila oktavu hezi zinazidi mara mbili), na hapo Schroeder anaishiwa pumzi.

Kwa hizo kuna kitufe cha kuboresha, na hapa ndipo programu ilipostahili sifa. Inakata vilele vya wimbi, inachukua fezi zilizotokana na kukata huko, inarudisha kila toni kwenye kimo chake cha mwanzo, kisha inarudia. Namba unaiona ikishuka kwa haraka mwanzoni, halafu kwa kujivuta, hadi inatulia kwenye 6 na kitu. Kwa kuwa vimo vinarudishwa kila raundi, hakuna toni ngeni inayoingia. Nilikagua nafasi kati ya toni kwenye spektra ya faili (mchoro wa nguvu kwa kila hezi) na zilikuwa safi, na ndicho unachotaka, maana upotoshaji wa amplifaya (toni ngeni inazoziongeza yenyewe) utauona humohumo.

Kelele ya pinki ni habari nyingine. Huko programu inashusha pengo kwa kukata tu. Kwa kupasha spika joto sina ugomvi, kelele yenye pengo la desibeli 6 ni desturi ya kawaida ya kupima uwezo wa spika. Ila kukata kunazaa upotoshaji, kwa hiyo usithubutu kupimia upotoshaji wa kifaa kwa wimbi hilo. Na mpangilio wao una kasoro: kichujio kinawekwa baada ya kukata. Nilikata hadi 6, nikaondoa kila kilicho chini ya hezi 80, na kipimo kwenye faili lililotoka kikasoma zaidi ya 8. Vilele hurudi, kwa sababu kichujio kinaondoa sehemu ya wimbi na kusogeza fezi za zilizobaki. Skrini bado inaandika 6! Pima faili lenyewe, usiamini dirisha.

Jambo la pili ni mizani. Ilivyokuja, RMS yake inahesabu sini iliyojaa (ambayo kilele chake kinagusa kikomo cha dijitali) kuwa desibeli 0, si 3.01 chini ya sifuri. Ni utaratibu halali, AES17 (kiwango cha kupimia vifaa vya sauti vya dijitali) inautumia, lakini swichi yake imefichwa ndani kabisa ya mipangilio. Ukitoa wastani kwenye kilele unapata sini yenye pengo sifuri, na wimbi la mraba lenye wastani unaozidi kilele chake. Fundi mgeni atadhani kadi yake imeharibika.

Nimeipa nyota nne. Ukiipakua kwa ajili ya toni nyingi, weka urefu wa wimbi sawa na urefu wa uchambuzi wako. Mimi natumia sampuli 65,536 kwa 48,000 kwa sekunde, toni zinakaa juu ya hatua za hezi 0.73 bila nguvu zake kuvujia hatua za jirani. Na chezesha ndani ya programu yenyewe: vichezeshi vingi vinaacha mwanya mdogo faili linaporudi mwanzo, na mwanya huo unatosha kuharibu kipimo chote.