Rilei za taa za lori: kipi ununue kwanza, kipi uache dukani

Ukipita msitu wa Ngezi, huku Pemba, usiku, huna mwanga mwingine ila wa taa zako. Mbele anaweza kuwepo mtu wa baiskeli asiye na taa, au gari la ng'ombe limepakia makuti, na wewe una mzigo mzito nyuma. Taa zikiwa manjano kama koroboi, utamwona umeshamfikia.

Wengi wetu tukifika hapo tunakimbilia globu. Mimi nilibadilisha globu za lori langu la Dyna mara tatu kabla sijashika mita ya kupimia umeme. Siku nilipopima, betri ilikuwa na volti 13.8 injini ikinguruma, na kwenye miguu ya globu zilifika 12.1 tu. Volti 1.7 zilikuwa zinapotelea njiani: kwenye swichi ya usukani, kwenye waya mwembamba uliozeeka, kwenye soketi iliyoungua na arthi (njia ya umeme kurudi betri) iliyoota kutu ya kijani. Globu ya halojeni haisamehe jambo hilo. Volti zikipungua asilimia 10, mwanga hupungua kama asilimia 30. Kwa hesabu hiyo mimi nilikuwa naendesha na theluthi mbili ya mwanga wangu, na kila globu mpya ilikuwa inanyimwa umeme uleule.

Kazi ya rilei, yaani swichi inayoamshwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa, ni kufupisha safari hiyo. Globu mbili za H4 (aina yenye dimu, mwanga wa karibu, na fulu, mwanga wa mbali) za wati 60 kwenye gari la volti 12 zinavuta ampea 10. Ukifunga rilei, ampea hizo zinatoka betri moja kwa moja kwa waya mpya, mfupi na mnene. Swichi ya zamani inabaki na kazi ya kuiamsha rilei tu, ambayo haifiki hata nusu ampea.

Kabla ya kutoa pesa, pima. Washa fulu, injini ikiwa inafanya kazi. Ncha moja ya mita iweke kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye mguu wa globu unaoingiza umeme. Kisha pima vivyo hivyo upande wa hasi. Jumlisha. Kwenye gari la volti 12, jumla ikiwa chini ya 0.5, wiringi yako ni nzima, tafuta ubovu kwengine. Ikizidi 1, rilei zitakulipa. Malori ya volti 24 yana nafuu: ampea ni kidogo, na volti moja ikipotea katika 24 si hasara sawa na volti moja katika 12. Kwa hiyo mwenye lori la betri mbili asiingie gharama kwa sababu jirani yake kafunga. Kwake mimi ningeanza kufikiria rilei jumla ikipita volti 2.

Njia ziko tano, nazipanga kuanzia iliyo bora. Nafasi ya kwanza: vipande ununue mwenyewe, afunge fundi umeme aliyetulia. Naiweka juu kwa sababu ya hewa yetu. Kisiwani hakuna waya usiofikiwa na chumvi, na lori linaloshinda bandarini Mkoani au Wete linaoshwa na chumvi kila siku. Ukichagua vipande mwenyewe unachagua vinavyovumilia. Nunua rilei mbili, moja ya dimu na moja ya fulu, zilizozibwa zisiingie maji, za volti za gari lako. Usidharau hilo la volti: rilei ya 12 kwenye lori la 24 koili yake huungua, na taa zinaweza kuzimika ukiwa kwenye kona. Nunua soketi za H4 za kauri. Zile za plastiki nyepesi hulainika kwa joto. Kila rilei iwe na fyuzi yake ya ampea 15, ifungwe karibu kabisa na betri. Waya wa kutoka betri uwe wa milimita za mraba 4, wa kwenda kila taa 2.5, na arthi isiwe nyembamba kuliko hapo.

Waya ndio ungetumia muda mwingi kuuchagua. Ulio bora ni ule wa mashine za boti, ambao nyuzi zake za shaba zimepakwa bati ili chumvi isizile. Waulize wanaotengeneza mashine za boti. Lakini angalia: kuna waya wa bei poa ambao ni aluminiamu iliyovikwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, ni shaba yenye bati, chukua. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, rudisha, hata kama muuzaji anaapa.

Ya pili: seti iliyokwisha kuunganishwa. Inafungwa haraka, na asiye na fundi wa kumwamini atafaidika nayo. Shida ni mbili. Waya zake mara nyingi ni nyembamba kuliko zinavyoonekana, kwa sababu ganda ni nene. Pili, magari mengi ya Kijapani huwasha na kuzima taa kwa kuunga na kukata upande wa hasi, na seti iliyotengenezwa kwa magari yanayokata chanya inaweza isiwake kabisa. Kabla hujanunua, chomoa soketi ya taa, washa swichi, pima mguu wa pamoja wa soketi (unaotumiwa na dimu na fulu) dhidi ya chasi. Ukikuta volti kamili hapo, gari lako linakata hasi. Mwambie muuzaji hivyo.

Ya tatu: kusafisha tu. Msasa kwenye arthi, soketi mpya, grisi ya kuzuia kutu. Gharama ni ndogo sana na kwa lori la volti 24 huenda ikatosha.

Globu za LED naziweka ya nne. Ampea zake ni chache, kwa hiyo waya mbovu haziziumizi sana, lakini kioo cha taa kilichopangwa kwa uzi wa halojeni mara nyingi huutawanya mwanga wake. Wewe unaona weupe karibu na bampa, anayekuja mbele haoni kitu.

Mwisho kabisa ni globu za wati 100 kwenye waya za kiwandani. Msiziguse, wenzangu. Ampea zinapanda hadi karibu 17 kwa fulu, soketi inayeyuka, na swichi ya usukani inafuata.

Rilei zikishafungwa, zielekeze miguu chini ili maji yasitulie, mbali na bomba la moshi. Pima tena, la kwangu sasa linasoma 13.5 kwenye globu. Halafu panga taa upya, maana mwanga ulioongezeka unamuumiza mwenzio kama umeelekea juu. Simamisha lori mita 5 kutoka ukutani, mahali tambarare, likiwa na mzigo wake wa kawaida, kwa sababu mzigo huinua pua. Mstari wa juu wa dimu uwe kama sentimita 5 chini ya kimo cha globu.