Usiguse, hata kopi?

Sitaki kumharibia mtu kazi, kwa hiyo jina la jumba hilo la makumbusho nalimeza. Ni hapa hapa Lubumbashi. Nilikwenda siku moja ya likizo ya shule na hasira ninayo mpaka leo, ingawa yenyewe imeanza kunichanganya.

Tulitoka Katuba wanne: mimi, binti wa miaka tisa, mvulana wa miaka sita, na mdogo wao mgongoni ndani ya kitenge. Kwenye gishe nikauliza bei ya watoto. "Ni moja tu, mama." Mtoto wa miaka sita analipa sawa na baba mwenye kitambi! Haya, nikalipa. Huko ndani vitu vyote vimepangwa kwa kimo cha huyo huyo baba mwenye kitambi. Alichokiona mwanangu kwenye vioo vya mwanzo ni paji la uso wake. Nikawa namnyanyua, namshusha, namnyanyua tena, na mgongoni nina mwingine. Benchi hakuna. Maelezo ya ukutani ni Kifaransa cha profesa; binti yangu, anayesoma vizuri tu, aliishia mstari wa pili.

Kwenye misalaba ya shaba mambo yakatengenea kidogo. Gidi wetu alikuwa kijana mpole (huyo simgombi hata kidogo). Akawaeleza kwamba zamani, faranga hazijafika, misalaba hiyo ndiyo ilikuwa pesa, na kwamba katika makaburi ya Sanga, kule kando ya ziwa Kisale, watu walizikwa nayo. Mwanangu akauliza mmoja ungenunua mikate mingapi. Kambo wake (babu yake) alifanya kazi miaka mingi Gécamines, kampuni ya migodi ya shaba, kwa hiyo shaba kwake ni habari ya nyumbani.

Halafu tukafika kwenye lukasa.

Kwa asiyeijua: ni ubao wa Waluba, umeminywa katikati kama kiuno, mdogo kiasi cha kushikwa kwa mkono mmoja, na juu yake zimepandwa shanga. Gidi akaonyesha hewani jinsi watu wa Mbudye, chama cha watunza historia wa Waluba, walivyoushika kwa mkono wa kushoto, kidole cha mkono wa kulia kikitembea juu ya shanga, huku wakisimulia habari za wafalme, safari zao na mahali patakatifu. Akaongeza kwamba wasomaji wawili wanaweza kuushika ubao ule ule, kila mmoja akasimulia kivyake. Watoto walikuwa kimya, wamekodoa macho. Hata mdogo mgongoni alikuwa ametulia.

Basi mwanangu akafanya nini? Alichofundishwa. Akainua mkono wa kushoto kama anayeshika ubao, na kidole cha kulia kikaenda taratibu mpaka shanga ya kwanza, ya buluu, kikatua.

"Ee! Hapa haiko soko! Mama, shika mutoto yako!"

Alikuwa mama mmoja wa ulinzi, kule mlangoni, bila hata kuinuka kwenye kiti (kiti pekee nilichokiona humo). Watu wote wakageuka. Aibu ikanipanda mpaka masikioni, nikafanya kile ambacho sijakisahau: nikampiga mwanangu kofi mkononi. Hakulia. Aliuangalia ubao, akamwangalia gidi, akauliza, "Basi banasomaka namna gani?"

Gidi akainamisha kichwa. Na binti yangu, aliyekuwa amechuchumaa akisoma kikaratasi cha chini, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Mama, banaandika hapa ni kopi."

Nikainama. Kweli. Kopi!

Jamani, najua jasho la mikono linakula shaba, najua mafuta ya vidole yanaingia kwenye mbao. Kitu cha kweli kifungieni kwenye kioo na kufuli juu. Lakini kopi mliichonga ya nini? Ifungeni mnyororo kwenye meza fupi, watoto waisome kwa vidole mpaka shanga zing'oke, kisha mtafute seremala achonge nyingine. Mafundi mji huu umekosa?

Choo kilikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo "ametoka kidogo". Tulimalizia nyuma ya mti. Siendelei.

Nilitoka nikiwa nimeshaipa nyota moja kichwani, na jirani alipouliza nikamwambia asithubutu. Kwa mwenye watoto nasema vile vile: msiende. Au nendeni, lakini muulizie yule kijana, na muende mmeshatumia choo nyumbani. Nyota mbili. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa, maana mwanangu ananiomba turudi, na nimeshakubali.

Amejitengenezea lukasa yake. Ni kipande cha ubao wa sanduku, amekigongomea vifungo vya blauzi yangu ya zamani na vifuniko vya chupa. Kila jioni, tukingoja bukari (ugali wetu), anaishika kushoto na kutusomea. Kifungo cheupe ni taksi. Kifuniko kikubwa ni choo chenye kufuli. Kile chekundu ni mama wa kelele, na hapo wote tunacheka. Pembeni kuna kifungo kidogo cheusi alichokuwa akikiruka. Siku moja nikamuuliza. "Ile ni weye, mama, pale ulinipiga."

Nikanyamaza. Kesho yake nikauliza tena, akapitisha kidole juu yake, akasema ni msalaba wa shaba.

"Jana haukusema vile!" dada yake akamrukia.

"Lukasa iko vile," akajibu, akaendelea kusoma.