Tahadhari: sensa za oksijeni za bandia zinazouzwa kama halisi

Ndugu wenye magari ya michezo yaliyofanyiwa maboresho, ninaandika kuwatahadharisha kuhusu muuzaji wa vipuri mtandaoni aliyeniuzia sensa ya oksijeni ya bandia huku akinihakikishia kuwa ni Bosch LSU 4.9 halisi, sensa inayofungwa kwenye ekzosi kupima uwiano wa hewa na petroli. Injini ya gari langu imefungwa tabo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na fundi hutegemea sensa hiyo kupanga kiasi cha petroli. Kwa hiyo sensa ikidanganya, injini nzima imo hatarini.

Boksi lilikuwa safi na nembo ilichapwa vizuri, ndiyo maana sikushuku chochote. Baada ya kuifunga kwenye bomba la ekzosi, geji ilionyesha uwiano wa 12.5 na haikusogea hata nilipoachia pedeli ya mafuta gari likiwa kwenye gia, wakati ambapo kompyuta ya injini hukata petroli na hewa tupu hupita kwenye ekzosi. Sensa isiyo na kasoro ingekimbilia mwisho kabisa wa upande wa hewa.

Kosa hilo si dogo. Petroli huungua yote kwa uwiano wa hewa kwa petroli wa takriban 14.7 kwa 1, lakini injini ya tabo inapovuta kwa nguvu huhitaji petroli zaidi ya hapo ili isipate joto kupita kiasi. Sensa inayoonyesha petroli nyingi kuliko iliyopo humfanya fundi aipunguze, na matokeo yake ni mlipuko usio wa wakati wake ndani ya silinda, na pistoni kuyeyuka.

Niliifungua nikailaza mezani kando ya ile ya zamani. Maandishi yaliyo kwenye mwili wake wa chuma yalifutika niliposugua kwa kidole gumba, ilhali ya zamani, pamoja na moto wote iliopitia, bado inasomeka. Kilichonithibitishia zaidi ni soketi. Sensa ya aina hii hutoa nyaya 5, lakini soketi yake ina pini 6, kwa sababu ndani yake mna rezista ndogo, kipande kinachopunguza mkondo wa umeme, inayorekebishwa kiwandani kwa kila sensa peke yake. Mita iliisoma rezista ya sensa ya zamani. Katika hii mpya, pini ya ziada haikuunganishwa na kitu chochote.

Nilipomweleza muuzaji, kwanza alidai kuwa fundi wangu ameiunguza, kisha akanishauri nikate soketi ya zamani niiunge kwenye sensa mpya. Ushauri huo ni wa hatari, kwani rezista ya sensa moja haiwezi kusahihisha usomaji wa nyingine. Mwishowe akasema kuwa bidhaa iliyokwisha kufungwa hairudishwi, akanizuia nisimwandikie tena.

Aliyenunua sensa kwake asikanyage mafuta kwa nguvu hadi aijaribu kwa kuachia mafuta kwenye gia kama nilivyoeleza. Jaribio hilo halihitaji kufungua kitu. Na anayetaka kununua, kwa muuzaji yeyote, aombe picha ya mdomo wa soketi na ya namba iliyochongwa kwenye chuma. Mimi niliziomba mara mbili kabla ya kulipa, naye mara zote mbili akanitumia picha za boksi tu.