The Road to Middle-earth cha Tom Shippey: maoni yangu

Kila anayemaliza The Lord of the Rings, riwaya ya J.R.R. Tolkien, huuliza asome nini sasa, na karibu kila mtu humjibu: The Silmarillion. Mimi siafiki. Kitabu kile cha visasili vyake, kilichotoka 1977 baada ya Tolkien kufariki, kinakumwagia majina tangu mwanzo, na nimeona wasomaji wapya wakikifunga wasikirudie tena.

Mimi huwaazima The Road to Middle-earth, kitabu cha Tom Shippey kinachochambua kazi za Tolkien. Kilitoka 1982, lakini tafuta toleo lililorekebishwa. Shippey alikuwa profesa Chuo Kikuu cha Leeds, kwenye kiti kile kile alichowahi kukikalia Tolkien, na Kiingereza cha kale anakijua vilivyo. Hoja yake kubwa ni kwamba kwa Tolkien lugha ilitangulia, hadithi ikafuata.

Anaithibitisha kwa mifano inayokufanya uirudie riwaya upya. Majina ya mbilikimo wa The Hobbit, riwaya ya awali ya Tolkien, karibu yote, yametoka katika shairi la kale la Iceland, Völuspá. Na mchawi Gandalf yumo humo humo, katika orodha ya mbilikimo! Bilbo, shujaa wa The Hobbit, anapoiba kikombe cha joka Smaug, anapita njia ya mwizi wa shairi la Kiingereza cha kale, Beowulf, aliyemwamsha joka kwa kosa hilo hilo. Lakini kilichonishika zaidi ni mstari mmoja wa Kiingereza cha kale unaoitaja miji ya mawe kuwa kazi ya ustadi ya majitu. Ndani yake mna neno orthanc na neno ent, yamekaa bega kwa bega. Kumbuka ni nani wanaouzingira Orthanc, mnara wa mchawi Saruman: Ents, viumbe walio kama miti.

Kasoro zipo. Sura ya kwanza ni ugomvi wa vyuoni, walimu wa fasihi dhidi ya walimu wa lugha, na msomaji mgeni atapiga miayo. Iruke. Anzia ya tatu, inayoeleza jinsi Bilbo, bwana wa chai na tumbaku, anavyotuvusha sisi watu wa leo hadi kwenye dunia ya majoka. Sura za The Silmarillion ziache mpaka utakapokuwa umekisoma chenyewe, maana Shippey hasubiri mtu. Na kama mambo ya mizizi ya maneno yanakuchosha kabisa, chukua kitabu chake cha mwaka 2000, J.R.R. Tolkien: Author of the Century. Ni chepesi zaidi, ingawa mimi nilikiona kimepoa kidogo.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ukimaliza, usikimbilie majarida ya kitaaluma bado. Msikilize kwanza Tolkien mwenyewe: mhadhara alioutoa St Andrews mwaka 1939 kuhusu hadithi za ajabu, On Fairy-Stories, umo katika kijitabu Tree and Leaf. Ni mgumu mahali mahali, lakini ni mfupi, na Silmarillion baada ya hapo haitakutisha sana.