Nimepima voliumu ya studio: chini ya namba 9 usiiamini

Mbukwenyi wadau! Karibuni tena Dodoma, kwenye studio yetu ileile ya chumba kimoja, Nkuhungu. Feni nimezima ili tusikilizane, kwa hiyo mkiniona natoka jasho mjue sababu.

Leo mezani kuna hiki kidude. Boksi la chuma, nobu moja kubwa katikati, matundu ya jeki nyuma. Halina waya wa umeme wala betri. Linakaa kati ya saundi kadi, yaani kifaa cha kuingiza na kutoa sauti kwenye kompyuta, na spika za studio, kazi yake ni moja tu: kupunguza na kuongeza sauti. Jina la chapa nimeliziba kwa selotepu makusudi. Nitakayoonesha yanahusu karibu kila boksi la bei ya chini la aina hii, na sitaki mtu aondoke hapa akiamini kwamba akinunua lenye jina jingine basi amepona.

Kwanza niwaambie kwa nini nimelipima, maana siyo kawaida yangu kupima vitu. Mimi nasikiliza, basi. Lakini kuna mwalimu wa kwaya nilimrekodia nyimbo sita. Nilizimiksi usiku, sauti chini kabisa, kwa sababu jirani yangu ana mtoto mchanga. Baada ya wiki mwalimu akanipigia. Shikamoo mwalimu, marahaba mwanangu, kisha akasema: "Mbona solo wangu umemhamishia upande wa kulia?" Nikamwambia mwalimu, wewe unasikilizia kwenye gari, umekaa kwenye usukani, lazima usikie zaidi spika ya kulia. Akanyamaza. Kesho yake akapiga tena: "Nimekaa kiti cha nyuma, katikati. Bado yuko kulia."

Aisee.

Sasa twende kwenye kipimo, na kipimo hiki hata wewe nyumbani unaweza kukifanya. Unahitaji saundi kadi yenye matundu mawili ya kuingiza na mawili ya kutoa, na programu ya kupimia sauti iitwayo Room EQ Wizard, ambayo unaipakua bure. Toka kwenye saundi kadi, ingia kwenye boksi, toka kwenye boksi, rudi kwenye saundi kadi. Lakini kabla ya hapo, na hapa ndipo wengi wanaharibu, unganisha saundi kadi na yenyewe bila boksi. Lazima ujue kwanza mizani yako inasomaje ikiwa tupu. Ya kwangu ikiwa tupu, kushoto na kulia zimepishana desibeli 0.02 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Hiyo ni sawa na hakuna.

Jambo jingine: chomoa chaja ya laptopu, pima kwa betri. Nilipoacha chaja kwenye umeme, mstari wa 50 Hz, yaani mngurumo wa umeme wa ukutani, ulisimama kwenye grafu kama mnara, na mingine midogo nyuma yake kwenye 100 na 150. Ardhi yetu huku ni kavu, na nondo ya ethi kwenye ardhi kavu haishiki kama ile iliyochimbiwa penye unyevu. Siyo kosa la boksi. Nilipochomoa chaja, minara ikaanguka.

Haya. Nimepiga mlio wa 1 kHz pande zote mbili, nikawa nazungusha nobu na kusoma. Nitatumia namba za uso wa saa ya ukutani. Nikisema 9, namaanisha mshale umeelekea pale ilipoandikwa 9, siyo saa tisa alasiri, maana hapo tutapotezana kabisa.

Nobu ikiwa imefunguliwa yote: pande zimepishana desibeli 0.1. Safi. Ikielekea 12 juu, sauti imeshuka desibeli 17, tofauti ni 0.4. Bado huwezi kuisikia. Ikielekea 9, imeshuka 34, na kushoto sasa kunazidi kulia kwa 1.6. Ikishuka mpaka kwenye 8, pale ninapomiksi mimi usiku jirani akiwa amelala, sauti imeshuka 46 na kushoto kunazidi kwa 3.3.

Desibeli 3.3! Mmeona? Solo alikuwa katikati kabisa. Boksi likanisogezea kushoto, mimi nikamrudisha kulia kwa mkono wangu mwenyewe, nikaenda kulala nikijisifu.

Kwa nini inakuwa hivi? Ndani ya nobu kuna kile ambacho mafundi redio wetu wanakiita voliumu, yaani njia ya kaboni iliyopakwa kwenye kipande kama cha ubao, na kidole cha chuma kinachotembea juu yake. Stereo inataka njia mbili, moja kwa kila upande, kwenye mhimili mmoja. Ukitumia waya wa balansi, kila upande una nyaya mbili za sauti, kwa hiyo unaweza kukuta njia nne. Hakuna kiwanda kinachopaka kaboni mbili zikafanana kabisa kwa bei hii. Sasa fanya hesabu. Chukua voliumu ya ohmu 10,000 (ohmu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Kosa la ohmu 10 ukiwa juu kabisa halifiki hata desibeli 0.01. Lakini ukiwa chini, zimebaki ohmu 100 tu chini ya kidole, kosa lilelile la ohmu 10 linakuwa desibeli 0.8. Kosa halijakua. Kilichopungua ni kile unachokigawia.

Ndiyo maana duka likikuambia "pande zinalingana", muulize muuzaji: zinalingana nobu ikiwa wapi?

Sasa niliseme na zuri lake, nisiwe kama nimelinunua ili nilitukane. Kuna maneno yanazunguka kwamba boksi lisilotumia umeme linakula sauti za juu. Hili lilinihusu moja kwa moja, kwa sababu hapa kwetu narekodi sana ilimba, ile ala ya vyuma inayochezwa kwa vidole gumba. Kama hujawahi kuiona karibu, kwenye tundu la boksi lake Wagogo wanabandika utando wa buibui, ule wa kufunikia mayai, na ndio unaotoa ule mvumo mwembamba unaotetemeka juu ya kila noti. Ndio ladha yenyewe. Mzee Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, aliupeleka huo mvumo mbali na Dodoma mpaka majukwaa ya Ulaya. Ukiupoteza huo, umebaki na vyuma vinavyodonolewa.

Nikapima kutoka 20 Hz mpaka 20 kHz. Kwa kebo ya mita 2, mstari umelala kama barabara ya kwenda Singida. Lakini maneno yale hayakutoka hewani. Voliumu ya ohmu 10,000 ikikata volti nusu, yaani ukishusha desibeli 6, inakuwa kama imeweka ohmu 2,500 mbele ya kebo yako. Kebo nayo ina kapasitansi, yaani uwezo wa kushika chaji, tuseme pikofaradi 100 kwa mita, na hivyo viwili vikikutana vinachuja sauti za juu. Kwa mita 10 unapoteza takriban desibeli 0.4 pale 20 kHz; hakuna sikio litakalokushtaki. Kwa mita 30 unapoteza karibu 3, na hapo utando wa buibui umeanza kukuaga. Na kama fundi amekuwekea voliumu ya ohmu 50,000 kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo kwenye kopo, basi hata mita 10 zinakula zaidi ya desibeli 5. Kwa hiyo kebo ya kutoka kwenye boksi kwenda spika iwe fupi. Ile ya kutoka saundi kadi hata ikiwa ndefu, siyo shida.

Upotoshaji wa sauti: sikuuona. Asilimia ileile niliyopata bila boksi ndiyo niliyopata likiwepo, maana yake nimepima saundi kadi yangu tu. Kuvuja kutoka kushoto kwenda kulia: desibeli 80 chini kwenye 1 kHz, 61 chini kwenye 10 kHz. Inatosha, tusonge.

Mtu atauliza, kwa nini usishushe sauti kwenye kompyuta ukaachana na nobu? Unaweza. Ila ule mchuruziko, ile shhh ya nyuma ya muziki, unaozaliwa kwenye saundi kadi yenyewe haushuki. Unashusha muziki peke yake na mchuruziko unabaki palepale. Boksi linashusha vyote kwa pamoja. Halafu siku kompyuta ikiganda ikaanza kupiga yowe, utatafuta mausi wakati spika zinachanika. Mimi mkono wangu uko kwenye nobu.

Wenye pesa kuna zile za hatua, nobu inayobofya tak, tak, tak, ndani ina risista, vipande vya ukinzani visivyokosea zaidi ya asilimia 1, badala ya kaboni. Kwa risista hizo kosa la kila upande haliwezi kuzidi sana desibeli 0.2 hata ukiwa chini. Na hakuna kaboni ya kukwaruza, maana vumbi letu la mwezi wa saba na upepo ule mnaufahamu; voliumu ya kawaida mwaka mmoja tu inaanza kufanya khrr-khrr ukiizungusha.

Mimi sijanunua ya hatua. Nimefanya hivi: spika zangu zina kipunguza sauti nyuma, nimezishusha zote mbili kwa kiasi kimoja, nikahakikisha kwa mlio uleule kwamba zimelingana. Sasa kumiksi kwangu kwa usiku kunaangukia nobu ikiwa kwenye 12, pale tofauti ni 0.4. Boksi ni lilelile, nimelihamishia tu kwenye mtaa wake mzuri.

Na hapa kwenye 9, mnaona hii nukta nyekundu? Rangi ya kucha ya shemeji yenu, nimeazima bila kuuliza. Nobu ikitaka kushuka chini ya hiyo nukta, nainuka, nazunguka nyuma ya spika. Nyimbo sita za mwalimu nimezimiksi upya juzi, bila kumdai hata shilingi, na solo amerudi katikati.