Tathmini ya PTSD Coach: Programu ya Simu kwa Askari Wastaafu Wenye Kiwewe

Kaka yangu alilitumikia jeshi la Marekani nchini Iraq, akarudi mzima wa viungo lakini usingizi ukabaki huko. Kwa mwaka mmoja sasa anatumia PTSD Coach (PTSD ni maradhi ya msongo wa akili yanayofuata tukio la kutisha), iliyotolewa mwaka 2011 na Wizara ya Masuala ya Maveterani ya Marekani ikishirikiana na Wizara ya Ulinzi, nami ninaishi naye na nimeichunguza kwa makini.

Programu hii ni ya bure na haimtaki mtu afungue akaunti, jambo lenye uzito mkubwa kwa askari anayechelea kuonekana dhaifu. Ina maelezo kuhusu kiwewe na dodoso la kufuatilia dalili, lakini uhai wake umo katika sehemu ya kutuliza dalili. Fataki za sikukuu ya uhuru wa Marekani, mwezi Julai, zilipoanza kulipuka mtaani, kaka aliketi sakafuni jikoni, mgongo kwenye kabati, akasogeza kipimo cha dhiki, cha kutoka 0 hadi 10, mpaka 9. Akapewa zoezi la kupumua, na alipolimaliza akatakiwa ajipime tena. Akaweka 6. Sita bado ni dhiki, ila aliiona ikishuka kwa macho yake.

Mtaalamu anayemtibu alimwongezea zoezi la saikolojia chanya (tawi linalochunguza yanayowafanya watu wawe na furaha), la kuandika kila usiku mambo matatu mema ya siku hiyo na sababu zake. Mwanasaikolojia wa Marekani Martin Seligman na wenzake walilijaribu kupitia intaneti na kuchapisha matokeo mwaka 2005: walioliandika kwa wiki moja walikuwa na furaha zaidi hata miezi sita baadaye. Hata hivyo, washiriki wale walikuwa watu waliojitokeza wenyewe kwenye tovuti, na kumwambia aliyebeba maiti za wenzake ahesabu neema kabla hajasikilizwa ni kumziba mdomo. PTSD Coach huanza na dhiki yenyewe, na ndiyo sababu ninaipendekeza, sambamba na matibabu, kwani yenyewe inakiri kwamba haichukui nafasi ya tabibu.

Kasoro inayoniuma ni lugha: ipo kwa Kiingereza na Kihispania, Kiswahili hakimo. Mama yetu aliyeko Tanga hupokea simu za kaka asubuhi, ilhali huku Marekani ni saa nane za usiku. Nilimtumia tafsiri ya zoezi la kupumua, akainakili kwenye daftari lake la hesabu za duka, na kaka anapopiga humsomea taratibu: vuta, shika, achia.