Ghala la Pikipiki Mwanga, Kigoma: Ulinzi Mzuri na Daftari la Tarehe

Shemeji yangu anayeishi Ujerumani aliiacha pikipiki yake yenye namba za kigeni katika ghala moja la Mwanga, mjini Kigoma, na kuhusu ulinzi sina lawama: sakafu ni ya saruji, paa halivuji hata wakati wa masika, na betri huchomolewa ili isife. Jambo zito ni forodha, kwa sababu muda wa kibali cha kuingiza chombo kwa muda, hata kikiwa kaneti (hati ya kimataifa ya forodha ya kuingiza chombo kwa muda bila kulipa ushuru) inayodumu mwaka 1, hausimami eti kwa kuwa pikipiki imelala ghalani, na ukipita, ushuru hudaiwa. Mwenye ghala huandika tarehe ya mwisho ya kibali daftarini na kumpigia mteja simu mapema, uangalifu ninaouthamini kuliko makufuli yake yote. Ningependa atoe pia hati ya makabidhiano iliyotiwa sahihi.